Kimeng'enya ni cha tumbo la bakteria, si la mmea

Ukichukua taarifa yoyote ya karibuni kuhusu bakteria wa udongo wanaosaidia mimea kukua, hutasoma kurasa nyingi kabla ya kukutana na jedwali. Kushoto yamepangwa majina ya bakteria, mara nyingi yakiwa herufi na namba tu. Juu yamepangwa majina ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali: fosfatasi, naitrojenasi, diaminasi ya ACC, kitinasi, ureasi. Ndani ya vijumba kuna tarakimu, au alama za kujumlisha, moja hadi tatu. Bakteria aliyezoa alama nyingi ndiye anayepelekwa kwenye vyungu vya majaribio, na akifaulu huko anatiwa kwenye chupa na kuuzwa. Zamani angalau ilibidi mtu amwoteshe bakteria huyo na kumpima. Siku hizi kusoma jeni kumekuwa rahisi kiasi kwamba jedwali zima linaweza kutolewa na kompyuta bila bakteria kuguswa.

Sina ugomvi na vipimo vyenyewe. Nimevifanya vya kutosha kujua kwamba vina kazi yake. Ugomvi wangu ni na tafsiri. Jedwali husomwa kama msimamo wa ligi, kwamba mwenye pointi nyingi ndiye atakayeusaidia mmea zaidi. Nadai kwamba jedwali hilo halipimi msaada kabisa. Linapima uwezo wa bakteria kujilisha chini ya masharti aliyoyachagua mpimaji. Bakteria hana mkataba na mkulima, na kila kimeng'enya alicho nacho kipo kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Mmea hufaidika kwa njia mbili tu: pale kazi ya bakteria inapomwagika nje bila yeye kukusudia, au pale mmea wenyewe unapomweka bakteria mahali ambapo hana budi kugawa. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha vimeng'enya aanze na maswali ambayo jedwali halina safu yake: kinafanya kazi ndani ya seli au nje, huwashwa na njaa ya nini, na nani anakula kinachozalishwa.

Biashara hii ni kongwe kuliko uelewa wake. Nobbe na Hiltner, Wajerumani wawili, walipata hataza ya bakteria wa kupaka mbegu za mikunde mwaka 1896, wakati ambapo hakuna aliyejua kimeng'enya kinachokamata naitrojeni kinafananaje. Hiltner huyo huyo ndiye aliyetoa neno rizosfia mwaka 1904, kwa maana ya ule ukanda mwembamba wa udongo unaoishi kwa kutegemea mzizi. Mmea humwaga sehemu ya sukari na asidi zake kupitia mizizi, na bakteria hukusanyika pale kama nzi kwenye bakuli. Jina la pamoja la wale wanaoonekana kuurudishia mmea fadhila, yaani bakteria wa rizosfia wanaochochea ukuaji, lilikuja mwaka 1978 kupitia Kloepper na Schroth. Tangu hapo utafutaji umekuwa wa kupita udongo hadi udongo, kutenga bakteria, kupima na kupanga.

Tuanze na fosfatasi, kimeng'enya kinachokata fosfati kutoka kwenye molekuli iliyoishika, maana imepimwa mno na ndiyo iliyonifungua macho. Kipimo chake kinapendeza. Unachukua gramu moja ya udongo, au maji yenye bakteria, unatia kemikali isiyo na rangi iitwayo para-naitrofenili fosfati, unaacha saa moja kwenye nyuzi 37. Kimeng'enya kikiikata fosfati, kinachobaki ni naitrofenoli, na ukimimina alkali mrija unageuka manjano hapo hapo. Manjano yakikolea, mashine inasoma namba kubwa. Utaratibu huu kwa ajili ya udongo uliwekwa na Tabatabai na Bremner mwaka 1969 na bado unafuatwa sana. Nakumbuka nilivyopanga mirija kwenye rafu kwa mara ya kwanza, kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea kama kiini cha yai, nikaandika jina la mshindi kabla ya kuwasha mashine. Kisha nikarudi kwenye karatasi ya maelekezo. Bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi au alkali, ya fosfatasi ya asidi ilikuwa pH 6.5. Ya fosfatasi ya alkali ilikuwa pH 11. Kumi na moja! Huo ni ukali wa maji ya amonia, na hakuna zao linaloota humo. Mshindi wangu alikuwa ameshinda katika shamba ambalo halipo.

Tatizo halikuishia kwenye pH. Kemikali ile ya kupimia haipatikani katika udongo wowote. Ilichaguliwa kwa sababu ya rangi yake. Fosforasi ya viumbe iliyomo udongoni, kwa sehemu kubwa katika udongo wa aina nyingi, imefungwa kwenye fitati, molekuli yenye fosfati sita zilizozunguka pete moja, nayo imenata kwenye mfinyanzi na oksidi za chuma. Fosfatasi ya kawaida inayotamba kwenye mrija inaweza isiifanye fitati lolote, kwani hiyo huhitaji kimeng'enya chake, fitasi, na hata fitasi haifikii kitu kilichonata. Tena neno fosfatasi ya alkali lenyewe linafunika familia tofauti: PhoA inategemea zinki, PhoD na PhoX zinategemea kalisi. Bakteria wawili wakipata namba ile ile kwenye kijumba kimoja, mmoja anaweza kushindwa mahali ambapo mwenzake anastawi, kwa sababu tu ya madini yaliyopo. Juu ya hayo, fosfatasi hizi ni vimeng'enya vya njaa. Bakteria huzizalisha anapokosa fosfati, na akishiba anazizima. Ukimpima akiwa amenyimwa fosfati kwa makusudi, umempima akiwa katika hali ambayo mkulima anayetia mbolea anajitahidi isitokee.

Lakini kasoro kubwa ya kulinganisha kwa namba moja iko kwenye hesabu, na ningependa tuikalie kidogo. Mwaka 1913 Michaelis na Menten walionyesha kwamba kasi ya kimeng'enya hutegemea mambo mawili: kasi yake ya juu kabisa, na ule wingi wa malighafi unaokifikisha kwenye nusu ya kasi hiyo, unaoitwa Km. Km ndogo maana yake kimeng'enya kinajua kuokota makombo. Km kubwa maana yake kinataka sahani iliyojaa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kimeng'enya cha kwanza kina kasi ya juu ya 100 na Km ya milimola 10. Cha pili kina kasi ya juu ya 20 tu, lakini Km yake ni milimola 0.1. Kwenye mrija wa maabara wenye milimola 50 za malighafi, cha kwanza kitasoma 83 na cha pili 20. Wapimaji wengi wataishia hapo, na cha pili kitatupwa. Sasa vishushe vyote viwili kwenye maji ya udongo yenye milimola 0.05. Cha kwanza kinaanguka hadi 0.5. Cha pili kinatoa 6.7, mara kumi na tatu ya yule aliyekuwa bingwa. Jedwali lilisema kweli kuhusu mrija na limetudanganya kuhusu shamba, kwa namba zile zile. Vipimo vya kawaida hutumia malighafi tele kwa makusudi, ili kasi isiyumbe wakati wa kusoma. Ni uamuzi wenye mantiki kwa anayetaka kujua kimeng'enya kipo kiasi gani. Kwa anayetaka kujua kitafanya nini kwenye mzizi, ni uamuzi unaompendelea mlafi.

Kuna pia mkanganyiko unaojirudia katika makala za utafiti, nao ni kudhani kwamba fosfatasi ndiyo inayoyeyusha fosfati ya mawe. Siyo. Fosfatasi hukata fosfati iliyoungana na kaboni. Fosfati ya kalisi huyeyushwa hasa na asidi, na bakteria mashuhuri kwa kazi hiyo huwa na kimeng'enya tofauti kabisa, dihaidrojenasi ya glukosi, kinachogeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki nje ya utando wa ndani wa seli. Kipimo chake ni sahani ya Pikovskaya ya mwaka 1948: bakteria akiotea juu ya jeli yenye ukungu mweupe wa fosfati ya kalisi, pete angavu hutokea kumzunguka. Pete hiyo hutegemea glukosi iliyomwagwa kwenye jeli kwa wingi ambao mzizi hauwezi kuutoa. Na kwenye udongo wenye asidi, fosfati imeshikwa na chuma na aluminiamu, si kalisi, hivyo pete nzuri kiasi gani haikuambii lolote. Bado pete hiyo huingizwa kwenye jedwali pembeni mwa fosfatasi, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa njoo kwenye kimeng'enya kinachosifiwa zaidi hivi leo, diaminasi ya ACC. ACC ni molekuli ndogo ambayo mmea huitengeneza hatua moja kabla ya ethilini, ile gesi inayoivisha matunda na ambayo, mmea ukibanwa na ukame, chumvi au mafuriko, hupanda na kuzuia mizizi kurefuka. Bakteria mwenye diaminasi huvunja ACC kuwa amonia na alfa-ketobutirati. ACC ikipungua, ethilini hupungua, mzizi unaendelea kurefuka. Ndiyo hoja ya Bernard Glick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliyoitoa mwaka 1998, na ushahidi wake ni mzuri. Walimwondolea bakteria wao wa kundi la Pseudomonas, aitwaye UW4, jeni ya kimeng'enya hicho tu, na uwezo wake wa kurefusha mizizi ya kanola ukatoweka. Jaribio la namna hiyo lina uzito kuliko majedwali mia.

Hata hivyo tazama historia yake. Honma na Shimomura wa Japani walikielezea kimeng'enya hiki mwaka 1978, wakichunguza bakteria anayeweza kuitumia ACC kama chakula chake cha naitrojeni. Kwamba ACC ndiyo inayogeuka kuwa ethilini ndani ya mmea lilithibitishwa na Adams na Yang mwaka uliofuata, 1979. Yaani kimeng'enya kilijulikana kama cha mlo kabla hakijajulikana kama cha tiba, na kwa maoni yangu huo ndio mpangilio sahihi wa kukifikiria. Kinafanya kazi ndani ya seli. Bakteria hakitoi nje kwenda kumtibu mtu. Husubiri ACC ivuje kutoka kwenye mzizi, anaila, na mmea unapata nafuu kwa sababu kilicholiwa hakirudi.

Ukishaliona hivyo, namba za kwenye jedwali zinapungua utamu. Km ya diaminasi hii kwa kawaida iko kati ya milimola 1.5 na 17, wakati ACC kwenye mmea hupimwa kwa maikromola, yaani sehemu za elfu za milimola. Kimeng'enya cha mmea kinachoigeuza ACC kuwa ethilini kina mvuto mkubwa zaidi kwa ACC, kiasi kwamba ili bakteria aambulie kitu diaminasi inapaswa kuwa nyingi kwa mara 100 hadi 1,000. Ni shindano la mlaji mzembe dhidi ya mlaji mwepesi, na mzembe hushinda akija na kundi kubwa, akifika mapema, akikaa kwenye ngozi ya mzizi wenyewe. Glick na Penrose waliandika mwaka 2003 kwamba utendaji wa nanomoli 20 za alfa-ketobutirati kwa miligramu ya protini kwa saa unatosha kumfanya bakteria awe na manufaa kwa mmea. Hicho ni kizingiti, na kizingiti hakina daraja la kwanza na la pili. Lakini majedwali yanaendelea kuwapanga bakteria wa 300 juu ya wa 150, kana kwamba mmea utahesabu. Na usisahau kwamba mmea unaihitaji ethilini kwa mengine, ikiwemo kujikinga na magonjwa. Kuimaliza yote si zawadi.

Wanaotumia kompyuta peke yake wana mtego wao hapa. Diaminasi ya ACC inafanana sana na kimeng'enya kingine kinachovunja sisteini ya aina ya D, na katika hazina za jeni mengi yameandikwa jina la kwanza yakiwa ni la pili. Protini ya nyanya iliyodhaniwa kuwa diaminasi iligundulika kuwa ya sisteini. Watafiti walipobadilisha asidi amino mbili tu, ikaanza kuvunja ACC. Mbili, katika mnyororo wa mamia. Programu inayosoma kufanana kwa jumla haioni tofauti hiyo isipoambiwa itazame wapi.

Naitrojenasi, kimeng'enya kinachokamata naitrojeni ya hewani, ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi tofauti kati ya kuwa na kimeng'enya na kutoa msaada. Kukata molekuli moja ya naitrojeni ya hewani kunamgharimu bakteria molekuli 16 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, na elektroni 8, na mbili kati ya hizo huishia kwenye gesi ya haidrojeni. Oksijeni inakiharibu kimeng'enya hiki, kwa hiyo Azotobacter, aliyeelezewa na Beijerinck mwaka 1901, hulazimika kupumua kwa kasi ya ajabu ili kuichoma oksijeni kabla haijafika ndani. Kiumbe aliyelipa gharama hiyo hana sababu ya kugawa amonia yake. Ataijengea protini zake, na mmea utapata sehemu yake akifa. Hilo ndilo linalowatofautisha bakteria huru na wale wa vinundu vya mizizi ya mikunde. Ndani ya kinundu, mmea humpa bakteria asidi kama malati, humshushia oksijeni kwa kutumia leghemoglobini, protini inayoishika oksijeni, na yeye huzima njia zake za kujitwalia amonia, ikatoka kwenda kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba anakagua. Mwaka 2003 Kiers na wenzake waliwafungia bakteria wa soya katika hewa ambayo naitrojeni yake ilibadilishwa na agoni, hivyo hawakuwa na cha kukamata hata wakitaka. Uzazi wao ulishuka kwa takriban nusu. Kimeng'enya ni kile kile kwa mwenye kinundu na kwa asiye nacho. Kilichobadilika ni masharti ya makazi, na masharti hayo hayana safu kwenye jedwali.

Kipimo cha kawaida cha naitrojenasi nacho hakipimi naitrojeni. Hupima uwezo wa kugeuza asetilini kuwa ethilini, kwa kuwa kimeng'enya hiki hukamata gesi zote mbili na ethilini ni rahisi kusoma. (Ndiyo, gesi ile ile ambayo diaminasi inasifiwa kwa kuipunguza.) Kugeuza namba hiyo kuwa kilo za naitrojeni ni kubahatisha, maana uwiano hubadilika, na naitrojenasi yenye vanadi badala ya molibdenamu hutengeneza pia gesi ya ethani kando. Kwa upande wa jeni, wengi huridhika wakiona nifH, mojawapo ya jeni za naitrojenasi. Hata hivyo mashine kamili huhitaji angalau jeni sita, na mwenye nifH peke yake ni kama mwenye usukani asiye na gari.

Watetezi wa majedwali wana hoja ambazo sizidharau. Mtu akitenga bakteria 500 hawezi kuwapanda wote shambani, anahitaji chujio, na chujio lenye kasoro ni bora kuliko kura. Hiyo nakubali, mradi libaki chujio na lisigeuzwe tuzo. Hoja yao ya pili, kwamba majaribio ya kuondoa jeni yamethibitisha sababu na matokeo, ndiyo nzito kuliko zote, na tayari nimeisifu. Ila inathibitisha kimeng'enya kimoja, kwa bakteria mmoja, kwenye mmea uliopimwa. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kwa kuwa shambani bidhaa nyingi zimeshindwa, habari yote ya vimeng'enya ni porojo za maabara. Hao nao wanavuka mpaka. Bakteria wa vinundu wameiwezesha Brazili kulima soya kwa mamilioni ya hekta karibu bila mbolea ya naitrojeni, na katika kinundu hakuna siri nyingine isipokuwa kimeng'enya kilichowekwa mahali pake.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isiyosemwa kwa sauti lakini inayoongoza uteuzi: kwamba hata kama kimeng'enya kimoja hakitoshi, vingi vikikusanyika kwa bakteria mmoja lazima vitasaidia. Hapo ndipo alama za kujumlisha zinapojumlishwa kweli. Lakini itazame ureasi. Inapewa alama chanya kwa kuwa inageuza urea kuwa amonia. Kimeng'enya hiki ni cha kasi mno. Ndicho cha kwanza kuwahi kugandishwa kuwa fuwele, na Sumner aliyefanya hivyo mwaka 1926 alitunukiwa Nobeli mwaka 1946. Sasa urea ikitiwa juu ya udongo, kasi hiyo hiyo ya ureasi ndiyo inayopandisha amonia hewani na kuipoteza, na viwanda vya mbolea vinachanganya urea na kemikali ya kuizuia ureasi, kama NBPT. Kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuuziwa bakteria anayesifiwa kwa ureasi na, katika mfuko wa pili, dawa ya kuinyamazisha. Tazama pia vimeng'enya vinavyotengeneza auksini, homoni ya ukuaji wa mimea. Auksini kidogo huamsha mizizi, lakini ikizidi huuchochea mmea kutengeneza ACC zaidi, na hapo bakteria mwenye auksini nyingi na diaminasi kidogo anaweza kuufupisha mzizi aliotakiwa kuurefusha. Hivi si vitu vya kujumlisha. Vingine vinakatana.

Isitoshe, havifanyi kazi kwa wakati mmoja. Naitrojenasi huzimwa amonia ikiwa tele. Fosfatasi huzimwa fosfati ikiwa tele. Kwenye shamba lililotiwa mbolea zote mbili, bakteria mwenye alama tatu-tatu atakuwa amezima mitambo yote miwili na kuendelea na maisha yake. Na maisha hayo ni magumu. Mbegu iliyopakwa bakteria inabeba labda milioni moja kati yao, ikiingia kwenye udongo ambao kila gramu ina mamia ya mamilioni ya wenyeji, pamoja na protozoa wanaowala. Kwenye udongo, mgeni haji mwenyeji akapona; mgeni huliwa. Kutengeneza protini nyingi kuna gharama, na aliyechaguliwa kwa kuzimwaga ovyo kwenye sahani yenye sukari hana uhakika wa kudumu hata wiki chache mahali penye njaa.

Haya yameshatokea. Katika miaka ya 1950 Muungano wa Kisovieti ulisambaza bidhaa ya Bacillus megaterium iliyoitwa fosfobakterini kwenye mamilioni ya hekta, ikielezwa kuwa itafungua fosforasi ya viumbe. Majaribio ya Marekani yaliyofuata hayakuona faida ya maana. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2023, watafiti wa vyuo vikuu vya ukanda wa kaskazini ya kati ya Marekani waliunganisha majaribio 61 ya bidhaa za bakteria huru wanaokamata naitrojeni. Mavuno yaliongezeka kwa kiasi cha kuaminika katika majaribio mawili. Hakuna aliyesema bakteria hao hawana naitrojenasi. Wanayo.

Inashangaza kwamba wanasheria wamelielewa jambo hili mapema kuliko sisi wa maabara. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1009, iliyoanza kutumika Julai 2022, inavitambua vichocheo vya mimea kwa kile kinachoonekana kwenye mmea na mizizi yake: matumizi bora ya virutubisho, uvumilivu wa mazingira magumu, ubora wa zao, au upatikanaji wa virutubisho vilivyofungika. Kimeng'enya hakimo kwenye fasili hiyo. Wengi waliisoma kama mlango uliofunguliwa kwa kila bakteria mwenye jedwali zuri, ilhali orodha yake ya awali ya vijidudu iliwataja Azotobacter, Rhizobium, Azospirillum na kuvu wa maikoriza (wanaoshirikiana na mizizi) tu, na Bacillus na Pseudomonas, wafalme wa majedwali, waliachwa nje. Unaweza kulalamika kwamba orodha ni finyu, na mimi nalalamika. Lakini swali inaloliuliza ni swali sahihi.

Tukilichukua swali hilo kwa uzito, ulinganishaji wa vimeng'enya hautakufa, utabadilika sura. Kasi itatolewa pamoja na Km, na kipimo kitarudiwa kwa malighafi kidogo na pH ya udongo unaokusudiwa. Kizingiti kitaitwa kizingiti, na waliokivuka watahesabiwa sawa hadi mmea useme vinginevyo. Bakteria atapimwa akiwa ameshiba pia, ili ijulikane ni kipi kinabaki kimewaka mbolea ikiwepo. Na katika vyungu patakuwa na safu mbili ambazo mara nyingi hazipo: moja ya bakteria yule yule aliyeondolewa jeni inayosifiwa, na nyingine ya bakteria yule yule aliyeuawa. Ya kwanza inahitaji ujuzi na muda. Ya pili inahitaji dakika ishirini za mvuke wa nyuzi 121. Bakteria waliokufa bado ni protini, naitrojeni na fosforasi, na kioevu walichooteshewa kina chumvi zake. Vyote hivyo ni mbolea kidogo. Mmea uliomwagiwa wafu ukirefuka sawa na uliomwagiwa wazima, basi jedwali lote la mwanzo lilikuwa likieleza kitu kingine.